Kibuyu cha Aliyekuponya

Kingsview Village, Toronto
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, kama ulivyotulazimisha kusema tangu utotoni hata majirani wakitucheka. Natumaini barua hii inakukuta salama na goti lako limetulia. Mimi huku nipo. Theluji imefunika magari yote chini, na ndege zinapita juu ya nyumba yetu kama kawaida, zikipeleka watu makwao.

Kaka Zachariah ameniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba hupokei simu zangu kwa makusudi, si mtandao. La pili, kwamba kile kibuyu umekitundika ukutani tangu Agosti na hujakitia maziwa tena. La kwanza nilikuwa nalijua. La pili limeniuma sana.

Acha nikueleze yaliyotokea langoni siku ile nilipokuja kwa kumbukumbu ya Baba. Sikukidharau kibuyu chako, wala Canada haijanifanya mzungu kama alivyosema Shangazi. Mama, mimi ni mgonjwa. Huu ni mwaka wa saba. Tumbo langu halipatani na chakula. Likishika, linanikata, na nisipopata choo kwa dakika chache nitaaibika mbele za watu. Wiki nyingine linafunga kabisa, navimba mpaka sketi haifungi. Wamenipima kila kitu, hawaoni kidonda wala uvimbe. Wanasema nina utumbo wenye hasira. Nilipoambiwa jina hilo nilicheka, nikadhani nimerithi kwako.

Nilikuwa nimesafiri karibu siku nzima bila kula chochote ili nisiumbuke ndegeni. Nikakuona umesimama langoni umeshika kibuyu, na nyuma yako watu wote wale wanaimba. Nikajua nikimeza funda moja la mursik, maziwa yetu yaliyochachushwa, nitakimbilia choo kabla wimbo haujaisha. Nikasema nimeshiba. Mtu katoka safari ya mbali, mama yake kamshikia maziwa, naye anasema ameshiba! Najua ilivyosikika.

Kwa nini sikukwambia? Aibu.

Maisha yangu yamekuwa madogo. Kazi nafanyia chumbani, napokea simu za watu wenye shida na bima zao. Nikitoka, nakijua kila choo kuanzia hapa Dixon Road hadi katikati ya mji. Watu wameacha kunialika kwa sababu nilikataa mno. Yule Kemunto, muuguzi wa ghorofa ya tisa aliyenipokea nilipofika, alinikaribisha chakula mara nne, nikakataa mara nne. Siku hizi tukikutana kwenye lifti anatazama namba za ghorofa juu ya mlango.

Nisamehe. Nijibu hata mistari miwili.

Mwanao,
Jeptoo


Kapsabet
2 Machi 2024

Jeptoo mwanangu,

Marahaba. Goti lina miaka sitini na tisa, lisikushughulishe. Ng'ombe wawili wanakamuliwa, mvua bado, Zachariah ananenepa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mwalimu, nikasahihisha makosa manne kwa wino mwekundu. Kustaafu si kufa. Mara ya pili kama mtu aliyeaibishwa. Mara ya tatu kama mama yako, na hapo nikavua miwani nikaiweka mezani.

Sasa nami niseme. Walikuwapo watu arobaini pale langoni. Hawakusema una kiburi, hilo ningelistahimili. Walisema mtoto hakatai maziwa ya mama yake bure, lazima kuna kitu anachokijua. Unaelewa maana yake. Mjane, ambaye kibuyu chake kinaogopwa kama cha mchawi na mtoto wake wa kumzaa! Kanisani mtu mmoja alihama kwenye benchi langu akajidai anafuata feni. Miezi sita nimeumeza uchungu huo, na wewe ulikuwa na maneno matatu ya kunitua mzigo: Mama, naumwa tumbo. Hata darasa la kwanza wanayaandika.

Nimekukasirikia na nimekulilia. Yote mawili, kwa siku moja.

Sikiliza. Tarehe ishirini na moja Desemba natimiza sabini, na kanisa na ukoo watakuja hapa tumshukuru Mungu. Nataka uje. Nataka usimame pale pale, mbele ya watu wale wale, unywe funda moja. Sikatai, ni kwa ajili ya heshima yangu pia. Nikijua unakuja, nitakishusha kibuyu ukutani.

Kwa hiyo tafuta dawa. Wazungu wamefika mwezini, hawashindwi na tumbo.

Tena uache kukaa peke yako. Ulizaliwa nyumba imejaa wageni, ndiyo maana tukakuita Jeptoo. Utaishije kama mlinzi wa ghala?

Mama yako


Toronto
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kugombezwa nawe. Miezi ile ya kimya ilinitisha kuliko tumbo. Je, mvua zimefika?

Hii barua usome peke yako, na usimwambie mtu. Hata Zachariah. Nakuomba sana.

Kuna hospitali hapa inafanya utafiti juu ya watu kama mimi, nami nimekubaliwa. Nitakuandikia dawa yenyewe haraka kabla sijaghairi. Wanachukua choo cha mtu mwenye afya. Ndiyo, choo. Mtu huyo anapimwa kwanza magonjwa yote. Kinachanganywa na maji ya chumvi, kinachujwa, kinagandishwa, halafu kinaingizwa kwenye utumbo wa mgonjwa kwa mpira mrefu, akiwa amepewa dawa ya usingizi. Wanasema ndani yake mna vijidudu vizuri ambavyo tumbo langu limevipoteza, na vikikubali kukaa, huenda hasira ikapungua. Hawaahidi kitu. Bado wanatafuta ukweli. Nami nimetoa changu kikagandishwa, wana utaratibu wao.

Hilo nimelikubali. Linalonishinda ni jingine. Siku hiyo hawakuachii utoke bila mtu mzima wa kukuchukua, kwa sababu ya ile dawa ya usingizi. Teksi haitoshi. Melissa, muuguzi wa utafiti, alishika kalamu akaniuliza: jina la atakayekuja? Nikatazama ile kalamu. Akasema, yeyote, rafiki, jirani, mtu wa kanisani. Mama, nimekaa miaka tisa katika mji huu wenye mamilioni ya watu na sikuwa na jina la kumpa. Nikataja lako. Akaandika, kisha akauliza namba ya simu. Ilipoanza na 254 ya Kenya alinitazama, akalikata jina taratibu, nadhani ili nisione.

Nina wiki tano za kumpata mtu. Ninayemfikiria ni Kemunto peke yake, na sijui nitaanzaje.

Mwanao,
Jeptoo


Kapsabet
6 Mei 2024

Jeptoo mwanangu,

Marahaba. Mvua zimefika, na pamoja nazo matope hadi mlangoni.

Umenitahadharisha nisome peke yangu, nikajifungia chumbani nikidhani umeua mtu. Kumbe ni choo! Mtoto wangu, mahindi yaliyokukuza yalikula samadi. Nimezoa mavi ya ng'ombe kwa mikono hii kabla hujazaliwa. Aibu yako ni ya watu wa ghorofani.

Dawa hiyo naielewa kuliko unavyodhani. Unakumbuka kibuyu kinavyoweza kukataa? Unakisugua vizuri, unakipaka mkaa, unatia maziwa mazuri, na bado yanachachuka vibaya, wiki baada ya wiki. Bibi yako hakukitupa. Alikwenda kwa jirani mwenye kibuyu kizima, akaomba maziwa yake kidogo, akayatia ndani ya kile kilichokataa. Baada ya siku kadhaa kinakumbuka kazi yake. Madaktari wako wamefanya hivyo hivyo, ila wao wameanzia mwisho wa safari.

Lakini ukiomba kwa jirani, hurudi mikono mitupu. Huyo mtu atakayekupa ni nani? Mwanamume au mwanamke? Ana watoto? Mtu akikutilia uhai tumboni si mgeni tena, ni ndugu, na mimi sina tabia ya kupokea bila kushukuru. Niletee jina lake nimwombee.

Kuhusu Kemunto, nenda ubishe mlango wake. Usianze na habari za hali ya hewa.

Mama yako


Toronto
30 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo! Leo nimekula maharagwe. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu nikianza na goti lako sitavumilia.

Nilibisha mlango wa Kemunto kama ulivyosema. Alifungua nusu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye korido, hata la choo, huku jirani yake akipita na mifuko ya soko. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Manze Jeptoo! Mwaka mzima nimekuwa nikijua umekataa chakula changu juu mimi ni Mkisii. Nikasema, huyu pia anaamini zile story za watu eti Wakisii ni wachawi, anadhani nitamwekea kitu. Kumbe ni tumbo tu? Si ungesema!" Akaanza kulia kwa hasira, nami nikalia, halafu akaniuliza ni tarehe ngapi ili aombe ruhusa kazini.

Kumbe nilikuwa nimewaonea watu wawili kwa kosa lile lile, wewe na yeye.

Ilifanywa tarehe ishirini na saba Mei. Nilipozinduka, Kemunto alikuwa ameketi kando, koti langu mapajani mwake. Hapakuwa na maumivu. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Ya tatu, nilipanda basi nikafika mjini ndipo nikagundua sikuwa nimehesabu vyoo. Jumapili hizi nakula kwa Kemunto, kwanza wali mtupu, kisha ndizi, leo maharagwe. Watoto wake wanajibu kwa Kiingereza kila tunachowauliza kwa Kiswahili, na yeye anawafokea kwa Kikisii. Nilikuwa nimesahau kelele za mezani zilivyo tamu.

Mtu aliyenipa hatajwi, Mama. Ni sheria yao, yeye hanijui nami simjui. Lakini nitakwambia kitu usinicheke. Nazungumza naye. Asubuhi nikiwa na chai namwuliza, leo tutaiweza hii? Nikiwa kwenye basi natazama watu, yule mzee mwenye kofia, yule dada anayesoma, najiuliza kama ni yeye. Nyumba yangu haina upweke kama zamani.

Nimekata tiketi. Nitafika Eldoret tarehe kumi na tisa Desemba. Kishushe kibuyu.

Mwanao,
Jeptoo


Kapsabet
18 Agosti 2024

Jeptoo mwanangu,

Marahaba, na sifa kwa Mungu. Nilipofika penye maharagwe nilipiga kelele, Zachariah akaja mbio akidhani ni nyoka. Sikumwambia kitu. Nilisema nimefurahi tu, akaniangalia sana.

Kibuyu kimeshuka. Kilikuwa kimekauka hata kinatoa mlio. Nimekisugua, nimekipaka mkaa, maziwa ya kwanza nimeyamwaga, ya pili yana nafuu. Kufikia Desemba kitakuwa sawa.

Abigael, binti wa mchungaji, anakuja huko chuoni mwezi ujao. Nimempa kifurushi. Ndani kuna kibuyu kidogo, kipya, nimekishonea shanga mwenyewe kwa wiki tatu na macho haya. Nyekundu na nyeupe. Si chako. Ni cha aliyekuponya. Usiniambie sheria. Nimefundisha miaka thelathini na minne, najua kila ofisi ina dirisha la nyuma. Mpe Melissa, yeye ampe mwenyewe bila kutaja majina. Amwambie tu kwamba kuna mama Kapsabet anayemwita mwanangu. Nikiomba sasa nasema, Bwana, uwabariki watoto wangu watatu.

Vaa sketi nzuri siku ya kukikabidhi.

Mama yako


Toronto
24 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kimya miezi mitatu, na najua umempigisha Zachariah simu mara nyingi. Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Kuna jambo sikukwambia mwaka huu wote. Nilipotia sahihi zile karatasi, nilielezwa kwamba nusu ya wagonjwa watapewa choo cha mtu mwenye afya, na nusu watarudishiwa chao wenyewe, kile kilichogandishwa. Hakuna atakayejua, hata Melissa, mpaka utafiti ufungwe. Ndivyo wanavyojua kama dawa ni dawa. Nilielewa. Kisha nikalifukia. Nilipokuandikia nilikutajia upande mmoja tu, na ulipoanza kumwombea mtu yule sikuwa na moyo wa kumwondoa.

Mwezi uliopita Melissa aliniita. Kibuyu chako kilikuwa mkobani, nilikuwa nimepanga kumkabidhi siku hiyo. Akafungua bahasha, akasoma, akasema pole. Nilirudishiwa changu.

Hakuna mtu, Mama. Hapajawahi kuwa na mtu. Ile Jumapili ya maharagwe, ile safari ya basi, yale mazungumzo ya asubuhi, nilikuwa peke yangu muda wote. Melissa alisema nafuu yangu ilikuwa ya kweli, kwamba baadhi ya wenzangu waliorudishiwa chao nao waliona nafuu kwa muda. Alisema kwa upole. Nikatoka, nikakaa kwenye kituo cha basi, mabasi manne yakapita.

Kabla ya wiki kwisha maumivu yalirudi. Kemunto amebisha mlango mara mbili nikajifanya sipo. Nitamwambia nini? Kwamba alikosa kazi siku nzima kunisindikiza nikarudishiwe choo changu?

Nimefuta tiketi. Siwezi kukuaibisha mara ya pili langoni. Waambie nina kazi nyingi, watu wanaiamini hiyo. Kibuyu kidogo kiko dirishani, hakina mwenyewe. Najua inakuumiza. Nisamehe, na heri ya miaka sabini.

Jeptoo


Kapsabet
12 Januari 2025

Jeptoo mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Simu huipokei, umejifunza kwangu, basi soma.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane Desemba, siku tatu kabla ya sherehe. Ng'ombe alikuwa ameshachaguliwa. Siku mbili nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, mpaka Zachariah akaniuliza nani amekufa.

Siku yenyewe watu walijaa. Mchungaji alipomaliza kuomba, nilikwenda langoni na kibuyu changu nikasimama. Watu wakaulizana, huyu mama anamsubiri nani? Shangazi yako akanijia, akaninong'oneza kwamba gari la Eldoret limeshapita na wewe hukuwamo. Nikamwambia najua, hayupo. Nikakifungua kibuyu. Nikanywa funda langu, kisha nikanywa lako. Halafu nikasema nao.

Uliniomba nisimwambie mtu. Nimewaambia watu mia moja na ishirini. Nimewaambia una utumbo unaokuadhibu mwaka wa nane. Nimewaambia ulikaa na njaa karibu siku nzima angani ili uje kwenye kumbukumbu ya baba yako, na kwamba ulisema umeshiba kwa sababu uliona haya kusema unaumwa. Nimewaambia la choo pia, chote, mpaka mpira. Mchungaji alitazama viatu vyake. Nilitumia sauti ya paredi, hata wale wa jikoni walisikia. Kisha nikamtazama yule aliyehama benchi langu, nikamwuliza kama ana swali. Hakuwa nalo.

Kilichofuata sikukitazamia. Mke wa mzee wa kanisa alinifuata nyuma ya ghala akasema yeye naye, miaka kumi na mmoja. Jioni hiyo wakaja wengine wawili. Mmoja wao husali nami kila Jumatano. Hamkujuana tu, ninyi watu wa vyoo.

Ukasirike ukitaka. Nami nimekukasirikia kwa kunificha nusu ya habari. Nilimwombea mtu asiyekuwapo kuanzia mwezi wa tano. Lakini nimefikiri. Ni nani aliyekuchukua kila asubuhi miaka saba ukiwa na maumivu hayo, akakuvalisha, akakuketisha kazini, akakuchemshia chai, na hakuna aliyemjua wala kumpa pole? Nilikuwa namwombea huyo. Kibuyu kimefika kwa mwenyewe. Kitoe dirishani, jua la huko litakipasua.

Na Kemunto nimempigia mimi. Abigael alimtafuta akanipa namba. Anajua kila kitu. Anasema siku aliyokosa kazi alilala usingizi mzuri kwenye kile kiti cha hospitali, hajutii. Atakuwa akibisha kila Jumapili, na amesema safari hii ataketi chini kwenye korido mpaka ufungue. Mfungulie, ana mgongo mbaya.

Sikurudisha kibuyu changu ukutani. Nakitia maziwa kila wiki, na kila wiki nawapa watoto wa jirani, natia mengine. Sikuulizi utakuja lini. Nitakuwa pale langoni siku yoyote, na ukifika ukakataa kunywa, nitajua ni tumbo.

Mama yako